Mahasimu walewale kila fainali: tumechoka, au twalala tu?

MZEE WA KIBOKONI (mwenye mada)

Juzi baada ya Isha tulikuwa barazani hapa Mombasa watu wanane, kahawa tungu na kashata, mazungumzo yakaangukia mpira wa vikapu wa Marekani. Nikauliza: Lakers na Celtics wakikutana tena fainali, nani ataamka saa tisa na nusu usiku kutazama? Mkono ulioinuka ulikuwa mmoja, na ulikuwa wangu. Kijana mmoja pale alikuwa amevaa jezi ya Celtics, kijani kibichi inayong'aa. Akaniambia, "Ami, nitaona vipande asubuhi kwenye simu, nikiwa kwa feri."

Hawa ni mahasimu waliokutana fainali mara 12 tangu 1959. Celtics wameshinda 9, Lakers 3. Mara ya mwisho ilikuwa 2010, ikaenda mpaka mechi ya saba ya kuamua, ikaisha Lakers 83 kwa 79. Kobe Bryant wa Lakers alitupa mara 24 zikaingia 6 tu, na kombe akachukua. Na huyu mwenye jezi hata haimwashi!

Mimi msimamo wangu nausema mapema. Mashabiki wamechoshwa, na waliowachosha ni Cavaliers na Warriors. Miaka minne mfululizo, 2015 mpaka 2018, fainali ni hao kwa hao. Katika ligi nne kubwa za michezo za kule hilo halikuwahi kutokea. Mwaka wa kwanza nilitazama kwa hamu zote. Wa pili ndio usiseme. Wa tatu Kevin Durant akahamia Warriors, timu ambayo msimu wa nyuma ilikuwa imeshinda mechi 73 na kupoteza 9. Hapo ikawa kama kucheza bao na mtu aliyekwisha kusomba kete zote upande wake. Wa nne, Warriors mechi 4 kwa 0, nilitazama huku nakata kucha. Tangu hapo watu wakikumbuka fainali ya mahasimu hukumbuka ile, na wanarudi zao kulala.

Haya, semeni nanyi.

MTOTO WA MAKUPA

Mzee wangu, shikamoo kwanza. Hiyo 4 kwa 0 wasema kana kwamba mechi ya kwanza hukuiona. LeBron James wa Cavaliers pointi 51 peke yake. Matokeo 107 kwa 107, sekunde zinayoyoma, mwenzake J.R. Smith anaudaka mpira chini ya kikapu, na badala ya kutupa akatoka nao mbio kama aliyeiba embe. Muda wa ziada Warriors wakamaliza 124 kwa 114. Nilipiga ukelele jirani akagonga ukuta. Hiyo yachosha wapi?

MZEE WA KIBOKONI

Marahaba mwanangu. Embe moja halifanyi msimu.

BWANA HESABU

Barazani watu wanane si kipimo, Mzee. Tuangalie watazamaji wa huko Marekani kwenyewe.

Fainali iliyotazamwa kuliko zote ni ya 1998, Bulls na Jazz, wastani wa watu kama milioni 29 kila mechi. Na hiyo ilikuwa marudio! Walikuwa wamekutana 1997, Bulls wakashinda 4 kwa 2. Wakarudiana 1998, Bulls tena, 4 kwa 2 tena. Mwisho ulikuwa umeshajulikana mara moja, na watu wakaja wengi zaidi.

Tuje kwa hao mnaowalaumu. Mwaka 2017, mara ya tatu ya Warriors na Cavaliers, Durant akiwa ndani, wastani ulivuka milioni 20. Ndio mkubwa kuliko wote tangu 1998 mpaka mwaka huo. Kushuka kulikuja mara ya nne, ukawa chini kidogo ya milioni 18. Haya, linganisha na 2007: Spurs na Cavaliers, watu ambao hawakuwahi kukutana fainali. Milioni 9 na ushei. Na 2025, Thunder na Pacers, mechi saba kamili, sura mpya pande zote, ilicheza kwenye milioni 10.

Mtu ukimuuliza atakwambia amechoka na walewale. Mletee wageni uone kama atakaa.

DEREVA WA TUKTUK

Mimi sina hesabu. Ninachojua, mji huu umekula mahamri na mbaazi kila asubuhi tangu enzi za mababu na sijasikia mtu akiandamana.

MZEE WA KIBOKONI

Mbaazi huzili saa tisa na nusu ya usiku, bwana.

DADA WA CHANGAMWE

Hapo ndipo! Mzee umelisema mwenyewe bila kujua. Nyote mwazunguka, ngoja niwaeleze mimi niliyekuwa jikoni.

Mwaka 2016 Ramadhani iliingia mwanzo wa mwezi wa sita. Mwaka 2017 iliingia mwisho wa mwezi wa tano. Mwaka 2018, katikati ya mwezi wa tano. Fainali huchezwa mwezi wa sita. Piga hesabu, Bwana Hesabu: fainali tatu katika zile nne zilituangukia ndani ya mfungo. Mechi nyingi wakati ule zilianza saa kumi za usiku kwa saa zetu, na saa hizo nyumba nzima ilikuwa macho yala daku. Hakuna aliyeamka kwa ajili ya Stephen Curry wa Warriors. Tuliamka kwa wali wa nazi, tukamkuta Curry sebuleni.

Ile mechi ya saba ya 2016 ilianza saa tisa, usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 20 Juni. Kwetu walikuwa ndani watu kumi na mmoja, na wanne kati yao si wa nyumba ile. Daku tulilila robo ya pili. Adhana ya alfajiri ikatukuta kwenye robo ya mwisho. Kakangu yuko mlangoni na kanzu, mguu mmoja ndani mmoja nje, baba barazani amwita twende, na kwenye runinga Iguodala wa Warriors anakwenda kutia mpira hana mtu mbele yake. LeBron akatoka alikotoka akaubamiza ubaoni. Kisha mwenzake Kyrie Irving akatupa ya tatu usoni mwa Curry, ikaingia. 93 kwa 89. Cavaliers walikuwa nyuma mechi 3 kwa 1, na hakuna timu iliyowahi kugeuza hilo kwenye fainali. Kaka alifika msikitini imamu yuko rakaa ya pili, na baba hilo amekataa kulisahau.

Sasa Ramadhani imerudi nyuma, iko Februari na Machi. Mwezi wa sita twalala kama magogo. Mzee, mashabiki wako hawakuchoshwa na mtu. Walikosa daku.

MTOTO WA MAKUPA

Dada, hapo umetumaliza. 2019 pia ilianza mwisho wa Ramadhani, naikumbuka, Toronto Raptors na Warriors. Tuliziangalia zile mechi mbili za kwanza kwa daku, zilizobaki baada ya Idi nikasikia tu.

MLINZI WA MIKINDANI

Salamu kutoka zamu ya usiku. Mimi sifungi Ramadhani, na kulala usiku si sehemu ya kazi yangu, kwa hivyo sababu ya Dada hainihusu. Nilitazama zote nne kwa simu, getini, sauti chini. Na mimi pia nimepoteza hamu. Sasa mtaniambia nini?

Mimi nadhani uhasama ni kitu cha kurithi. Shabiki wa soka wa Gor Mahia anamchukia Leopards kwa sababu babake alimchukia, na babu alikuwepo mwanzo wa mambo, 1968. Nyumba ikifungwa inanyamaza siku mbili, mtoto aona, anajua hili ni jambo kubwa. Sasa niambieni, nani humu babake alimrithisha Celtics? Mimi timu yangu ni Pacers. Kwa nini Pacers? Kwa sababu nilikwenda Kongowea kwenye mitumba, muuzaji akakata bunda, fulana iliyonitosha ikawa ya Reggie Miller, shilingi hamsini. Ingekuwa ya Bulls leo ningekuwa na makombe sita.

Huyo kijana wa Mzee mwenye kijani kibichi, 1984 Celtics wanawafunga Lakers hakuwa amezaliwa. Wala 1985 Lakers wakilipiza. Mara tisa kwa tatu zamhusu nini? Hakuna aliyemlilia mbele yake. Wamarekani wana hadithi hiyo nyumbani kwao, ndio maana hesabu za Bwana Hesabu ni za kweli kule. Zikivuka bahari zafika jezi tupu.

BWANA HESABU

Mlinzi, 2025 Pacers wako walifika fainali, mechi saba. Ulitazama?

MLINZI WA MIKINDANI

Zote saba. Tyrese Haliburton akaumia kisigino robo ya kwanza ya ile ya saba, nikazima simu nikakagua ukuta wa nyuma nusu saa. Hakuna mwizi angepita usiku ule.

BWANA HESABU

Basi una hamu. Huna mpinzani tu.

MLINZI WA MIKINDANI

Thunder? Sina ubaya nao. Hapo umesema kweli.

MTOTO WA MAKUPA

Niingie hapo hapo, maana huyo mpinzani ligi yenyewe imemwondoa. Kuanzia 2019 hadi 2025: Raptors, Lakers, Bucks, Warriors, Nuggets, Celtics, Thunder. Miaka saba, mabingwa saba. Haikuwa bahati nasibu. Mwaka 2016 pesa za televisheni zilipoingia, kima cha mishahara ya timu kiliruka kwa mpigo mmoja kutoka dola milioni 70 hadi 94, Warriors wakapata nafasi ya kumtia Durant bila kumtoa Curry wala Klay Thompson. Watu wakalalamika kama Mzee hapa. Makubaliano ya 2023 yakaja na adhabu kali kwa timu inayopitisha matumizi: hubadilishani wachezaji utakavyo, huchukui watu utakavyo. Ukijenga kikosi kizuri, baada ya miaka miwili mitatu unakivunja mwenyewe kwa gharama.

Mahasimu wahitaji kukutana, wafungane, mmoja aondoke na kinyongo, arudi mwakani na watu walewale. Siku hizi mwenye kinyongo ashauzwa timu nyingine. Mlililia mageni, mmepewa mageni.

MZEE WA KIBOKONI

Kwa hivyo makosa ni yetu tuliochoka?

MTOTO WA MAKUPA

Sikusema makosa, Mzee. Nasema mliomba.

DEREVA WA TUKTUK

Lakini hiyo ya Toronto mimi niliipenda kwa sababu nyingine. Mkubwa wa ile timu wakati ule, Masai Ujiri, babake Mnigeria, mamake Mkenya. Abiria mmoja alinieleza tokea Buxton mpaka Posta na nikakataa kuamini mpaka nilipotafuta mwenyewe. Hapo nilikuwa na timu, hata bila fulana ya Kongowea.

DADA WA CHANGAMWE

Nirudi mara moja kisha nikapike. Mlinzi amesema uhasama hurithiwa, na mimi namuunga mkono, lakini mbona nyote mwautafuta Boston kwa Celtics? Timu ya vikapu ya wanawake ya KPA, ya bandari yetu, na ile ya benki ya Equity, ni miaka mingapi hiyo? Wamefika fainali wao kwa wao zaidi ya mara moja, mechi tano, wachezaji walewale wanajuana mpaka hirizi. Siku ya Equity pale ukumbi wa Makande ukichelewa husimami hata mlangoni. Wamama wa bandarini wako na vuvuzela. Binti yangu ana miaka tisa na Equity hawezi hata kuwasikia, na sikumfundisha. Alikaa karibu yangu tu siku tuliyofungwa.

Na huanza mchana, Mzee. Hakuna anayekwambia uamke.

BWANA HESABU

Wanaume je? Huko siku hizi ni Nairobi City Thunder na wengine wote. Wamekwenda mpaka ligi ya Afrika 2025, klabu ya kwanza ya Kenya kufika. Huko ndiko mwisho unajulikana.

DADA WA CHANGAMWE

Nilisema wanawake. Soma tena.

MLINZI WA MIKINDANI

Mzee, Kibokoni mpaka Makande si mbali. Wewe ulishawahi kwenda kuwaona KPA?

MZEE WA KIBOKONI

Nimeishi mji huu miaka 61.

MLINZI WA MIKINDANI

Sikuuliza hilo.

MZEE WA KIBOKONI

Sijawahi. Nilidhani ni ya wafanyakazi wa bandari wenyewe kwa wenyewe.

MTOTO WA MAKUPA

Lahaula! Mtu anajua Kobe alikosa mara 18 mwaka 2010 na Makande hajui mlango uko wapi.

MZEE WA KIBOKONI

Nichekeni, nimestahili. Lakini msidhani nimebadilisha neno langu kuhusu ile ya 2018, ilichosha na itabaki kuchosha, daku au bila daku. Ila la Dada la Ramadhani nimelipeleka barazani jana usiku, na wale saba wote wakanyamaza. Mmoja akakumbuka alikula daku wapi siku ya LeBron na Iguodala, na huyo ndiye aliyekuwa akisema mpira wa vikapu haujui. Kijana wa jezi akauliza kwani Ramadhani itarudi lini mwezi wa sita. Tukahesabu kwa vidole tukashindwana.

Sasa Dada, mechi ya Equity ikija, huwa saa ngapi hasa? Na viti vina migongo? Kiuno changu si cha vijana.

DADA WA CHANGAMWE

Ni ngazi za simiti, ami. Ratiba ikitoka nitakwambia saa. Chukua mto.

DEREVA WA TUKTUK

Mimi nitampeleka. Kibokoni mpaka Makande, kwenda na kurudi, na nitamngoja. Lakini nauli ni kamili Mzee, usije ukanipa hadithi ya Kobe.