Kristali si mbovu, ninyi ndio mnaziua!

Mafundi wa Lubumbashi, hasa ninyi mnaotengeneza visambazaji vidogo vya redio huko komini ya Kenya na Katuba, leo sinyamazi. Wateja wenu wanaishia mezani kwangu na visambazaji vilivyohama masafa (frikwensi), na wote wameambiwa maneno yaleyale kuhusu kristali, kile kijipande kinachoshika masafa hayo: "Kristali za siku hizi mbovu, leta makuta nikuwekee nyingine." Anawekewa. Nayo inakufa.

Ukifungua hiyo saketi, unakuta osileta, yaani sehemu inayozalisha mawimbi kwa kutumia kristali, imepewa volti 12 za betri vilevile zilivyo, hakuna rezista ya kupunguza chochote. Ukimuuliza fundi, anajibu kwa majivuno kwamba osileta ikiwa na nguvu, redio inasikika mpaka mji wa Likasi. Nani aliwadanganya? Hiyo ni kumnywesha dereva bia ili gari liongeze mwendo. Kazi ya osileta ni kushika masafa, basi. Nguvu ya kufika mbali inatafutwa kwenye hatua za kukuza zinazofuata.

Ndani ya kile kikopo cha bati kuna kipande chembamba cha kwatzi kinachotetemeka. Kikitetemeshwa kupita kiasi kinapata joto, masafa yanahama, kinazeeka kabla ya wakati, na mwisho kinapasuka. Zile kristali kubwa za zamani zilivumilia nguvu ya miliwati kadhaa (miliwati 1 ni mikrowati 1,000). Hizi ndogo za leo, nyingi kikomo chake ni mikrowati 100, na zile za saa za kilohezi 32.768 kwa kawaida ni mikrowati 1 tu! Mtengenezaji anakiandika kikomo hicho kwenye karatasi yake, ila kusoma kwetu ni adhabu.

Haya, tupige hesabu. Kristali ya megahezi 10, ukinzani wake wa ndani omu 40. Kwenye mguu wake kuna volti 1.5 za RMS (kipimo cha volti za mawimbi), na kapasita ya mguu huo ukijumlisha na ya njia za bodi ni pikofaradi 30. Kwa megahezi 10 kapasita hiyo inazuia kama omu 530; gawa volti kwa hizo, mkondo unatoka kama miliampia 2.8. Zidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani: mikrowati 320. Zaidi ya mara tatu ya kikomo, halafu kosa ni la Mchina aliyeitengeneza!

Dawa yake inauzwa bei ya karanga. Osileta ya transista, ipe volti 5 zilizotulizwa na regyuleta, ongeza rezista kwenye mguu wake wa emita. Ile ya IC ya kugeuza mawimbi (inverter), weka rezista kati ya mguu wa kutolea na kristali. Kwa megahezi 10 na kapasita ya pikofaradi 22, anza na omu 720 hivi. Usizidishe lakini, osileta itagoma kuwaka. Jaribio: unga kwa muda omu 200 mfululizo na hiyo kristali ya omu 40. Ikiwaka bado, una akiba ya kutosha. (Na ukipima, probu ya osiloskopu, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi, uwe nayo makini, yenyewe inaongeza pikofaradi kama 10.)

Najua kuna atakayekuja hapa chini na "mimi yangu inafanya kazi, kaka". Alete kwanza volti za osileta yake, aina ya kristali, na masafa aliyopima ikiwa baridi na baada ya nusu saa. Bila hizo namba sijibu mtu.