Maembe yanaoza Tabora, sisi tunang'ang'ania epo za Sauzi. Zifungiwe au tuache kila mtu ale anachotaka?

Mtu wa Kibamba
Wadau, salaam. Juzi nilikwenda kumwona mgonjwa wodini. Kila kabati la pembeni ya kitanda: epo mbili, zabibu kwenye mfuko wa nailoni, juisi ya boksi. Vitanda kumi na kitu, utadhani wameambizana. Nje ya geti kuna mama kapanga maembe dodo yaliyoiva mpaka nyuki wanayazonga, na mananasi ya Kiwangwa, harufu inakufuata hadi ndani. Hakuna anayemsogelea. Ukimpelekea mgonjwa embe unaonekana huna hela.

Epo zile zinavunwa Afrika Kusini kuanzia kama mwezi wa pili mpaka wa tano, zinafungiwa kwenye vyumba vya baridi vilivyopunguzwa oksijeni, halafu wewe unazinunua Desemba hii. Tunda la miezi minane unampa mtu mwenye dripu! Nasikia Serikali iliwahi kuzifungia mwaka jana au juzi, sijui ikalegea wapi. Mimi nasema zifungiwe moja kwa moja, tule cha kwetu na tule kwa msimu. Nyumbani kwangu nimeshamkataza mke wangu kununua epo na mchele wa nje. Nawasilisha.

Mama Wawili
Nilikuwa nakusoma vizuri mpaka hapo kwenye "nimeshamkataza". Shemeji, hela ya mboga unaacha ngapi?

Kijana wa Njombe
Mleta mada, nani kakwambia epo ni tunda la Sauzi? Njombe tunalima epo. Makete zipo, Lushoto zipo. Zetu ni ndogo, zina mabaka, hazing'ai, mkizikuta sokoni mnauliza "hizi zimekufa au?" Mnataka epo ya nyumbani yenye sura ya Sauzi. Halafu parachichi zetu zinapanda meli kwenda kuliwa na Wazungu. Siku na wao wakisema wale cha kwao tu, sisi tutazipeleka wapi?

Dalali wa Mabibo
Tuweke rekodi sawa. Ilikuwa Aprili 2025, wakati Bashe ni Waziri wa Kilimo. Alizuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi kwa sababu wao ndio walianza. Sauzi ndizi zetu walikuwa hawazitaki muda mrefu, na Malawi mwezi mmoja nyuma walifungia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi. Siku chache baadaye wakazungumza, zuio likaondolewa. Pale hakuna aliyekuwa anatetea embe la Tabora, watu walikuwa wanaoneshana ubavu. Nina jamaa yangu tangawizi yake ilikuwa njiani kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, ilibidi aigeuze, akauza Mbeya kwa bei ya kutupa. Ukisikia "tufungie", mwanzo anaumia mtu wa lori, wa pili mkulima, na waziri hata homa hapati.

Mtu wa Kibamba
Mama Wawili, naacha elfu saba. Mchele, unga na mafuta vipo ndani. Haya, na hilo linaingiaje kwenye epo?

Mama Wawili
Watu wangapi?

Mtu wa Kibamba
Saba, pamoja na dada wa kazi.

Mama Wawili
Elfu moja kwa kichwa. Asante, nimepata nilichokuwa natafuta.

Chuma cha Reli
Ndiyo shida ya wanawake wa siku hizi. Mtu kaja na hoja ya uchumi wa nchi, yeye anakagua pochi. Bibi zetu walilisha watu kumi kwa majani ya maboga na hakuna aliyelalamika.

Mama Wawili
Chuma, bibi yako hakulalamika kwa sababu hukuwa jikoni. Ngoja nikupeleke.

Kisamvu. Unachuma au unanunua mafungu matatu, unachambua, unatoa vijiti, unatwanga kwenye kinu mpaka bega linakuita jina. Sokoni siku hizi kuna cha kusagwa kwa mashine, lakini mleta mada huyu huyu atasema kinanuka mashine. Unakichemsha bila mfuniko, saa nzima na zaidi, kisha ndiyo nazi au karanga iingie. Maharage ni saa mbili za mkaa. Kunde afadhali. Mkaa wa kuivisha vyote hivyo unatoka kwenye elfu saba ile ile. Ukinikataza mchele wa nje na epo, sawa, lakini mwanangu akirudi shule saa nane ana njaa, epo inaoshwa inaliwa. Embe dodo linamenywa, linachuruzika mpaka kwenye shati jeupe la shule, na shati nalifua mimi.

Mnaosema tule cha asili mnazungumza kama watu ambao sahani huwa inawafuata walipo.

Binti Urambo
Dada umemaliza. Nifungie mada?

Chuma cha Reli
Nunua jiko la presha la umeme uache kulia. Serikali yenyewe inasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi.

Mama Wawili
Ninunulie. Namba yangu unaitaka?

Chuma cha Reli
Mke wangu yupo hapa hapa, tafadhali.

Mke wa Chuma
Nipo. Na jiko la presha sina.

Mtu wa Kibamba
😂 Jamani. Turudi kwenye mada. Hapo kwenye mchele wa nje hakuna aliyenijibu. Wanaoongoza ni ndugu zetu wa Visiwani. Mbeya mchele umejaa, Ifakara umejaa, wao asubuhi mpaka jioni mapembe, ule mchele wa nje wa bei rahisi.

Mpemba wa Wete
Nilikuwa nasoma kimya, mie na kahawa yangu. Sasa umenitaja.

Ndugu yangu, mchele wa Mbeya tunaujua na tunaupenda. Siku ya Idi ndio unaopikwa, na mgeni wa heshima akija tunampikia huo. Lakini hebu uchukulie Mbeya, uuteremshe Dar, uupandishe chombo, ulipe kila anayenyoosha mkono njiani, ukifika dukani huku uutazame bei yake na bei ya mapembe uliotoka huko Asia kwa meli kubwa. Mwenye watoto sita anachagua upi? Na mapembe unavimba, wa kilo moja unakaa sinia. Mkitaka tuule wa kwenu, upunguzieni gharama njiani.

Tena n'kwambie jingine. Ramadhani sisi futari yetu ni nini? Muhogo wa nazi, majimbi, viazi vikuu, ndizi mbichi, shelisheli. Vyote vinachimbwa au vinaangushwa hapa hapa. Kijijini kwetu mshelisheli ukizaa hakuna anayenunua, unapita unaambiwa chukua. Nyinyi watu wa Dar mwisho kula shelisheli lini? Mna hakika mnalijua?

Kijana wa Njombe
Mimi silijui, kusema kweli.

Mpemba wa Wete
Basi. Na mchele tunalima pia, Cheju na Kibokwa kuna mabonde, hautoshi tu. Kutotosha si dhambi.

Mwalimu wa Zamu
Samahani kwa kuchomekea. Mnaandika "epo, epo". Kiswahili kinasema tofaa au tufaha.

Mpemba wa Wete
Mwalimu, tufaa kwetu ni hili la mtufaa, jekundu, lina maji, ndani kokwa moja kubwa, likianguka linatandika chini kote. Hilo lenu la Sauzi ni lingine kabisa. Liacheni liitwe epo, jina letu tuachieni.

Mwalimu wa Zamu
Kamusi inayatambua yote mawili.

Mpemba wa Wete
Kamusi haijapanda mtufaa.

Bwana Shamba Mstaafu
Nimefanya kazi ya ugani tangu wakati wa pikipiki za mradi, na neno "cha kwetu" huwa linanichekesha. Mahindi yametoka Amerika, yakaletwa na Wareno. Muhogo hivyo hivyo. Nyanya nayo ni ya Amerika. Maembe mnayolilia asili yake ni Asia. Mkitaka cha Afrika hasa, kuleni mtama, uwele na ulezi, na humu ndani nikiwawekea ugali wa mtama mtasema mmefiwa. Tofauti kubwa ni msimu. Mtu wa Dodoma alijua kwamba mlenda wa masika haungojei, anaukausha. Siku hizi tunataka nyanya mwaka mzima kwa bei moja, halafu tenga likipanda tunamtukana mkulima wa Ilula, na likishuka, anamwaga barabarani, tunapiga picha.

Chuma cha Reli
Kwa hiyo mahindi si yetu? Mzee pumzika.

Bwana Shamba Mstaafu
Nimeshapumzika, mwanangu. Ndiyo maana nina muda wa kukujibu.

Mswahili wa Baridi
Nipo Ulaya mwaka wa tisa. Huku watu wenye hela ndio wanaotafuta mboga ya shamba la jirani, yenye udongo kabisa, na wanailipia zaidi. Kwetu tuna bahati hatuijui.

Mama Wawili
Kaka, ukirudi likizo huwa unaletewa nini?

Mswahili wa Baridi
...Chipsi mayai. Lakini hiyo ni hamu tu.

Binti Urambo
Niseme la kwetu Tabora, maana kichwa cha habari ni sisi na hakuna Mnyamwezi aliyeulizwa. Ni kweli maembe yanaoza. Desemba ukitembea chini ya miembe viatu vinanata, mbuzi wenyewe wameshiba. Lakini yanaoza kwa sababu yanaiva yote kwa wiki chache, barabara ya ndani ni matope, na dalali anakuja na bei yake mfukoni. Hata mkila dodo wodini zote za Dar, mti wa bibi yangu hautafikiwa.

Kitu kisichooza kwetu ni matobolwa. Viazi vitamu vikijaa, mama alikuwa anavichemsha, anavimenya, anakata vipande, anaanika juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Kazi yetu watoto kufukuza kuku. Siku tatu nne za jua kali vinakuwa vigumu kama ubao, rangi ya asali iliyoungua, unaweka kwenye kihenge. Mwezi wa kwanza, chakula kimeisha na mvua inanyesha, unachemsha tena au unatafuna hivyo hivyo ukienda shule. Wasukuma wana michembe, hiyo inaanikwa mbichi. Nimesoma sekondari nzima kwa matobolwa, na nilikuwa nayaficha bwenini, maana wenzangu walikuwa na biskuti.

Mama Wawili
Hapo kwenye kuficha nimekuelewa sana, mdogo wangu.

Mtu wa Kibamba
Na mimi. Halafu niseme kitu: wodini mimi mwenyewe nilibeba epo mbili. Niliona nikiingia na embe shemeji zangu watanitazama.

Mke wa Chuma
Ha! Na mkeo umemkataza.

Mtu wa Kibamba
Ndiyo maana nimekiri. Binti Urambo, hayo matobolwa Dar yanapatikana?

Binti Urambo
Yapo, nina shangazi anayapokea kwa basi. Kisado unataka au debe?

Dalali wa Mabibo
Binti Urambo, kabla hajakujibu, muulize debe lipi. Lisije likawa la lumbesa.

Mtu wa Kibamba
Kisado kimoja kwanza. Mama watoto ndiye atasema kama tunaendelea.