Mpaka mtu aitwe mwizi kwa sababu ya tarehe?

Jamani, leo sina salamu ndefu.

Kuna mkahawa hapa Mwembe Tayari, mwezi wa Ramadhani huuza kuanzia magharibi mpaka daku. Binti wa zamu ya kwanza hufunga hesabu saa sita usiku. Siku hiyo kakabidhi 31,400, akaenda zake. Asubuhi tajiri kafungua ripoti, yasoma 38,950. Binti akaitwa, akaulizwa mbele ya watu 7,550 kazitia wapi. Alia, aapa, nani amsikize?

Nikaitwa mimi. Dakika kumi nyingi: kijana aliyeunda programu ya mauzo kwa lugha ya JavaScript akata tarehe kutoka toISOString, amri ya kuandika tarehe na saa. Ile haitoi tarehe ya Mombasa, yatoa ya UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele yake. Yani kwa programu ile siku mpya yaanza saa tisa usiku! Kila sahani ya biriani iliyouzwa saa saba, saa nane, imeandikwa jana, kwa jina la binti ambaye saa hizo keshalala kwao Likoni. Kumuuliza kijana: "Kwangu iko sawa." Ni lazima iwe sawa, umeijaribu saa nne asubuhi!

Nikazidi kuchokora. Oda ya arusi ya 31 Januari 2025 nikaikuta imekaa 3 Machi. JavaScript yahesabu miezi kuanzia sifuri. Ukiandika 1 ukidhani Januari, umesema Februari, na Februari ile ina siku 28, basi siku tatu zilizozidi zikamwagikia Machi kimyakimya, wala skrini haikulalamika. Tarehe nyingine kaziweka kama maandishi, mashine yapanga kwa herufi ya kwanza, 1 kabla ya 9, ndiyo maana 10/3 yatangulia 9/3. Siku za wiki simlaumu sana. Sisi Jumamosi ni ya kwanza, jina lenyewe lasema, mashine yaiita 6.

Nikamwambia: hifadhi UTC, ukitaka siku ya mauzo taja eneo la saa, Africa/Nairobi, basi. "Nishaelewa, mkubwa."

Jana kaniandikia amerekebisha. Nafungua, naona katoa toISOString, kachukua saa ya kompyuta ya mkahawa, ambayo ni ya hapa hapa, halafu kaongeza saa tatu kwa mkono! Sasa mauzo yote ya kuanzia saa tatu usiku yaenda kesho. Binti kakabidhi pesa nyingi kuliko ripoti, na tajiri amuuliza hizi za ziada kazitoa wapi.