Tupeane uzoefu: maji ya kisima na meno ya watoto wetu hapa Nakuru

Mwenye mada, Lanet
Habarini za jioni. Nataka tukusanye visa vyetu wenyewe hapa. Aliyekulia Nakuru, Njoro, Gilgil au Naivasha ana jamaa, kama si yeye mwenyewe, mwenye meno ya kahawia. Sababu inajulikana. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa ina floridi nyingi, madini yanayoharibu rangi ya meno yakizidi, na maji yanayokaa chini kwenye miamba hiyo huibeba. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya huku vinapita hapo. Floridi yenyewe haina rangi, haina harufu, haina ladha.

Mliolea watoto huku, mliwapa maji gani? Mlibadilisha nini? Wapangaji nanyi semeni, maana ushauri wa tangi na gata za maji ya mvua humfaa mwenye boma lake.

Kijana wa Njoro
Mimi ndiye mfano wenyewe. Kwetu tumezaliwa wanne. Watatu tumekulia Njoro kwa maji ya kisima, na meno yetu mnaweza kuyakisia. Wa pili alipelekwa kwa nyanya Vihiga akiwa mchanga, akarudi akiwa darasa la nne. Meno yake meupe mpaka leo, ingawa tangu arudi amekunywa maji yale yale tunayokunywa sisi. Mzee alikuwa akisema huyo amechukua damu ya upande wa mama.

Nilipokuja kumuuliza daktari wa meno ndipo nikaelewa. Jino la ukubwani hujijenga ndani ya ufizi tangu mtoto azaliwe hadi karibu miaka minane. Floridi ikizidi wakati huo, linatoka likiwa tayari limeharibika rangi. Likishakomaa, maji hayo hayalibadilishi rangi tena. Ndiyo maana kusugua hakusaidii: doa limo ndani ya jino. Sisi tulisugua kwa majivu, kwa mkaa, hadi kwa mchanga wa mtoni, na tulichopata ni meno yanayouma tukinywa kitu baridi.

Kuhusu maisha ya kila siku, nitasema moja tu. Niliwahi kuenda kwenye usaili wa kazi, tukaambiwa tupange mstari na tufungue midomo. Sitaji ni wapi. Nilijua jibu kabla hajanifikia.

Mama Wawili, Free Area
Pole sana ndugu yangu.

Mimi nimezaliwa Kisumu, Manyatta. Kwetu visima ni vifupi na vyoo vya shimo viko hapo hapo, kwa hivyo mama alitulea kwa sheria moja: maji hayajachemka, hayanyweki. Na kipindupindu kimepita mtaani mwetu, hakuna wa kumbishia. Sasa kila akija kunitembelea Nakuru anashika sufuria, anachemsha maji ya kisima mpaka yanapungua, kisha anawapa wajukuu kwa moyo mkunjufu.

Mueleze sasa kwamba kinachopaa ni maji, floridi inabaki, na kadiri unavyoyapunguza ndivyo inavyozidi kukolea! Aliniuliza kama chuo ndiko nilikofundishwa kuwanywesha watoto uchafu. Tuliafikiana hivi: maji ya mvua ndiyo ya kunywa, yeye anayachemsha, yakitokota tu anaepua. Vijidudu vimekufa, heshima yake imebaki.

Baba Junior
Si mnunue tu chujio la udongo? Langu nimelitumia muda mrefu na maji ni safi kabisa.

Mwenye mada, Lanet
Baba Junior, hilo linazuia vijidudu. Floridi imeyeyuka ndani ya maji, inapita nayo. Hata klorini haiigusi.

Mpangaji, Kiamunyi
Nimecheka na mwenye mada kututaja wapangaji. Nyumba yangu ilitangazwa hivi: vyumba viwili, maji ya kisima, hayakatiki. Hiyo ndiyo sifa iliyopandisha kodi! Niliomba niweke tangi dogo chini ya paa, mwenye nyumba akakataa, eti wengine nao watataka. Nikamsomea Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kinachosema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Akaniambia nikalipe kodi kwa hiyo Katiba.

Basi nikapunguza hesabu. Sikuhitaji maji mazuri ya nyumba nzima. Ya kufua, kuoga, kupiga deki, kisima kinatosha. Nilihitaji ya mtoto wangu mdogo tu: ya kunywa, ya uji, ya kumpikia. Mtungi mmoja wa lita 20 unamsukuma siku nyingi. Mkubwa wangu ana miaka kumi na mitatu, yeye anakunywa ya kisima, na amenilalamikia kwamba nampendelea mdogo wake. Ni kweli nampendelea, kwa maji.

Shida yangu ni wenye mikokoteni wanaoniuzia maji hayo ya mtoto. Ukiwauliza yametoka wapi, kila mmoja atasema ni Turasha, maji ya mto yanayoletwa mjini kwa bomba. Ukifuata mkokoteni asubuhi utaukuta umejazwa kwenye kisima cha jirani.

Abu Salma, Bondeni
Mimi nimetumia chujio la mkaa wa mifupa. Jimbo Katoliki la Nakuru liliyatengeneza kwa miaka mingi. Mifupa inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa, maji yanapita humo na floridi inanaswa. Kwetu swali la kwanza lilikuwa: mifupa ya mnyama gani, na amechinjwaje? Nikauliza, nikaambiwa ni ya ng'ombe wa kichinjioni. Mimi nikaridhika. Mama Salma hakuridhika, na jikoni ni kwake.

Lakini hata ukikubali, jueni kwamba mkaa huo unachoka. Maji yataendelea kutoka meupe na matamu kama kawaida huku floridi inapita, kwa hiyo usipopima huwezi kujua. Nina jirani ambaye chujio lake limekuwa pambo la sebule.

Fundi wa gata, Rongai
Habari zenu. Rongai yetu ya Nakuru, si ile ya karibu na Nairobi. Maji ya mvua yana floridi kidogo mno, na hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 30 za mraba likipata mvua ya milimita 20, hizo ni lita 600, ukitoa kidogo inayomwagika. Wengi wanakimbilia tangi kubwa na gata wameweka upande mmoja tu wa paa. Anza na gata pande zote. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, inaosha vumbi na mavi ya ndege. Kisha funika tangi, mbu wasizaliane.

Mukhwasi, Kakamega
Sisi huku tuna chemchemi, meno si tatizo letu kubwa. Tatizo ni ng'ombe na binadamu kunywa mahali pamoja. Palipojengewa ukuta na bomba pana nafuu, na kuna mahali wameweka kile kitangi cha klorini: unageuza mara moja kwa mtungi wa lita 20, unangoja nusu saa.

Niliingia kuwakumbusha jambo moja. Magadi mnayotia kwenye maharagwe na mboga nayo ina floridi, tena nyingi. Kwetu wazee walitumia musherekha, majivu ya maganda ya maharagwe yaliyochujwa. Unaweza kuhangaika na maji mwaka mzima kisha ukairudisha kwa kijiko. Hata majani ya chai yanayo, msimpe mtoto mchanga chai ya rangi.

Mama Wawili, Free Area
Magadi! Hilo nitamwachia mama mwenyewe alisome.

Mwalimu wa chekechea, Bahati
Hamjagusa shule. Mtoto anashinda nasi, anacheza juani, anakimbilia bomba mara ngapi? Na bomba letu ni la kisima. Mzazi mmoja humpa wake chupa kutoka nyumbani, na ikifika saa nne ameigawa kwa darasa zima. Siwezi kumkemea kwa ukarimu.

Tunapendekeza tangi la mvua kwenye kikao cha wazazi Ijumaa, na najua nitaulizwa ushahidi. Aliyewahi kupeleka maji ya kisima maabara hapa mjini anieleze: walimtoza ngapi, na alibeba kwa chupa gani?