Mama yuko Kibokoni, mimi niko Birmingham: huduma za mtaani nianzie wapi?

Kutoka: Mwana wa Kibokoni, Birmingham

Assalamu alaykum ndugu na dada zangu,

Mamangu ana miaka 74. Yuko Kibokoni, Mombasa, na mjukuu mmoja wa gredi ya sita. Ndugu yangu aliyekuwa akimwangalia amepata kazi Doha, kwa hiyo nyumbani wamebaki bibi na mtoto. Pesa natuma kila mwezi, hapo hapana shida. Shida ni kwamba wiki iliyopita aliteleza uani akaumia mkono. Majirani wakampeleka kutibiwa, akaulizwa SHA, bima mpya ya afya ya serikali, naye akatoa kadi ya NHIF, ile bima ya zamani, aliyoifunga kwenye leso kama dhahabu. Kijana wa mapokezi akacheka. Mama hakuyasahau hayo, na mimi pia.

Huku ninakoishi halmashauri huniletea kila kitu mlangoni: siku ya taka, karatasi ya maktaba. Mombasa niliondoka 2006 tukingali tunasema manispaa. Leo nasikia kaunti, wadi, MCA, CHP, na sijui simu ya kwanza nimpigie nani. Aliyeko huko, au aliyewahi kulipitia hili, anielekeze.


Kutoka: Bi wa Tudor

Wa alaykumu salaam mwanangu, pole kwa mama.

Mimi nimekaa New Jersey miaka ishirini na mbili, kwenye kijimji chenye baraza lake na kodi yake. Kalenda ilikuja kwa posta: siku ya taka, siku ya kuzoa majani ya miti, darasa la bure la Kiingereza maktabani, gari la kuwapeleka wazee kwa daktari. Ukikwama kabisa unapiga 211, mtu anakuuliza shida yako na kukuelekeza. Niliporudi Tudor nilikaa miezi mitatu nikiingoja kalenda. Msinicheke.

Hapa kalenda hiyo imo kichwani mwa mzee wa mtaa. Huyo ndiye simu yako ya kwanza. Yeye ajua nani mgonjwa, nani kafiwa, fomu za basari, ule msaada wa karo, zimefika lini na zitakwisha lini. Halipwi cha maana, basi usimpigie mara ya kwanza ukiwa na hasira. Msalimie, mjulie hali ya watoto, kisha umweleze.

Ukimjua yeye, ielewe milango miwili, maana wengi walioko nje hupotea hapa. Mlango wa chifu na naibu wake ni wa serikali kuu: kitambulisho, barua ya kumtambulisha mkazi, Inua Jamii, ile posho ya wazee. Mlango wa wadi, ambako MCA ndiye diwani wa siku hizi, ni wa kaunti: taka, zahanati, soko, shule za chekechea, taa za barabarani. Kwenu ni wadi ya Mji wa Kale/Makadara, ndani ya Mvita. Ukimlilia chifu habari ya taka atakusikiliza kwa adabu na taka itabaki palepale.

Sasa la mama. Muulize mzee wa mtaa nani CHP wa upande wenu. Ni wahudumu wa afya ya jamii, wengi wao kina mama wa mtaa uleule, na tangu 2023 walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya kupima sukari. Kila mmoja ana nyumba zake, kama mia hivi. Wangu huja, hukaa barazani, hunipima, huandika kwenye simu yake, hunywa chai. Siku presha yangu ilipopanda ni yeye aliyenipandisha tuktuk kwenda zahanati. Ni bure. Na mtu mzima aliye peke yake, kule kujua kwamba Jumanne kuna mtu atabisha hodi ni dawa nusu.

SHA: NHIF ilikwisha Oktoba 2024, kadi ile aiweke kumbukumbu. Kusajiliwa ni kwa *147# au aende Huduma Centre pale Posta, Digo Road. Akishasajiliwa, zahanati na vituo vya afya vya serikali, vile vya ngazi ya 2 na ya 3, atatibiwa bila kulipa hata kabla ya kutoa mchango. Ni kulazwa na hospitali kubwa ndiko kunakotaka mchango uwe umelipwa. Asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Hiyo kwako ni bei ya viatu.


Kutoka: Abu Likoni, Jeddah

Shikamoo Bi wa Tudor, umemaliza. Naongeza moja tu, kwa sababu limenichoma.

Usijaze maswali ya SHA ukiwa huko kwa niaba ya mama. Mfumo huuliza hali ya nyumba: ukuta, paa, maji, choo, mapato, kisha hukadiria asilimia 2.75 ya kile unachoaminika kupata. Mimi nilijibu nikiwa kitandani Jeddah nikifikiria nyumba niliyomjengea, na mtungi wa maji juu, na televisheni. Mchango ulitoka mkubwa kuliko kodi ya chumba Likoni. Mama anauza mbaazi na mahamri asubuhi, basi. Akae mwenyewe, aulizwe mwenyewe, aseme anachokipata yeye. Tena namba ya siri huja kwenye simu yake, si yako, na mamangu aliifuta akidhani ni matapeli. Kwa hilo simlaumu, nilimfunza mwenyewe.


Kutoka: Binti Kuze, Toronto

Nina neno kuhusu Inua Jamii, kwa kuwa Bi ameitaja. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 kwenda juu wasiopokea pensheni. Huingii siku yoyote upendayo. Usajili hufunguliwa kwa awamu, na tangazo hutoka kwenye baraza la chifu. Lakini ndugu yangu wa Birmingham, tuambizane ukweli. Wewe watuma pauni. Mtaani kwenu kuna bibi asiye na mtoto hata mmoja anayeshinda na chai ya rangi. Ile pesa tuwaachie wao.


Kutoka: Mwana wa Kibokoni, Birmingham

Dada, nimekusikia, na nimelifikiria. Babangu alikuwa kuli bandarini miaka thelathini, akafa bila pensheni. Mamangu amelipa kodi kwenye kila pakiti ya majani ya chai aliyonunua maisha yake yote. Je, haki yake inafutika kwa sababu alizaa mtoto akasafiri?


Kutoka: Bi wa Tudor

Nyote msipigane, muulizeni mwenyewe. Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiichukua na kuipeleka moja kwa moja kwa jirani yake kipofu. Mimi nilijua baada ya mazishi.

Jambo jingine: vidole. Wazee wetu wamekuna nazi na kufua kwa mkono miaka hamsini, alama zimelika. Siku ya kuhakikishwa, mashine ya kituo kimoja ilimkataa dadangu mara nne, akaambiwa arudi kesho, na kesho yake vilevile. Mara ya tatu CHP wetu aliingia naye, akamwambia aoshe mikono kwa maji ya vuguvugu na kujipaka mafuta kidogo, wakajaribu kidole gumba badala ya shahada. Kikasoma. Asiende peke yake, hilo ndilo nilikuwa nataka kusema. Na kitambulisho chake kikaguliwe kabla: jina likiwa na herufi moja tofauti na la kwenye simu, mtazunguka.


Kutoka: Abu Likoni, Jeddah

Na basari ya huyo mjukuu? Mwakani aingia gredi ya saba. Fomu ya basari kwa kawaida hutaka muhuri wa chifu na saini ya imamu au mchungaji, namba ya shule na karatasi ya karo. Zikitoka fomu, hutoka na kwisha wiki hiyohiyo. Mzee wa mtaa huyohuyo.


Kutoka: Mwana wa Kibokoni, Birmingham

Nawaletea habari. Nilimpigia mzee wa mtaa jana baada ya Ijumaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu, kumbe ni yule tuliyekuwa tukiiba naye kunazi Makadara. Tukacheka nusu saa kabla hatujafika kwenye SHA. Binti ya khalati yangu ataongozana na mama Posta siku ya Alhamisi, asubuhi, kabla ya jua. CHP alishafika; presha ya mama ni nzuri, mkono unapona, na mama ameshamjua nasaba yake hadi babu wa tatu.

Kuhusu Inua Jamii, nilimuuliza mama kama mlivyosema. Akanyamaza, kisha akauliza kama usajili ukifunguliwa anaweza kumwandikisha Bi wa nyumba ya pili, kwa sababu yule hana simu.

Nani anasafiri Mombasa Desemba? Nina mkongojo wa kukunjika, mwepesi, waingia kwenye mkoba. Mama asema hautaki, lakini asema hivyo kwa kila kitu.