Siki, magadi ya umeme, au mchanga na dizeli: njia ipi kwa ndoo mbili za bolti zenye kutu?

SpanaKumi (Tanga)
Ndugu wanajukwaa, salaam. Marehemu mjomba wangu ameniachia ndoo mbili za lita 20 zilizojaa bolti, nati, washa na skrubu za kila namna. Zimekaa miaka mingi katika banda la gari lililo karibu na bahari, na hewa ya chumvi imezifanya nyingi ziwe nyekundu kama udongo. Nilianza na brashi ya waya, lakini jioni mbili zimepita, bolti nilizomaliza hazifiki 50, na vidole vimechubuka. Sasa nalinganisha njia tatu: kuziloweka katika siki nyeupe, kutumia maji ya magadi pamoja na chaja ya betri, au kuzizungusha ndani ya kopo lenye mchanga na dizeli. Ningependa kusikia kutoka kwa waliozitumia ni ipi isiyokula meno ya bolti, na jinsi ya kuzipanga baadaye ili nisimwage ndoo sakafuni kila ninapotafuta nati moja.

Mwanapwani
Pole kwa msiba, ndugu. Mimi ni mtu wa siki, na sababu ni moja tu: haihitaji kusimamiwa. Kwanza ondoa grisi kwa mafuta ya taa au maji ya moto yenye sabuni, kwa sababu siki haipenyi kwenye mafuta na utabaki na madoa. Kisha zifunike bolti kwa siki ndani ya ndoo ya plastiki usiku kucha, na asubuhi uzisugue kwa mswaki wa zamani. Kutu itatoka kama tope jeusi. Watu wengi huharibu kazi hapo mwishoni, kwa kuwa chuma kilichotoka kwenye siki kikiachwa na unyevu hurudisha kutu ya rangi ya chungwa ndani ya saa chache. Zisuuze katika maji yenye magadi kidogo ili ukali wa siki uishe, zimwagie maji ya moto sana ili zikauke upesi, na uzipake oili zikiwa bado na joto.

Karakana_Mstaafu
Maelezo ya Mwanapwani ni sahihi, ila yamesahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba siki haitofautishi kutu na zinki, yaani madini yanayopakwa juu ya bolti kuzuia kutu: bolti yenye mng'ao wa fedha au wa manjano itatoka ikiwa nyeusi, bila kinga yake, kwa hiyo hizo zisafishwe kwa mafuta ya taa na brashi tu. La pili ni zito zaidi. Tazameni namba za nguvu ya chuma zilizopigwa kichwani mwa bolti. Bolti ya 8.8 haina shida kubwa, lakini 12.9, na kwa tahadhari hata 10.9, zisiingizwe kwenye asidi ya aina yoyote, kwa sababu hidrojeni huingia ndani ya chuma hicho kigumu na bolti inaweza kukatika baadaye ikiwa imekazwa, bila kutoa dalili. Asidi ya betri naona hakuna aliyeitaja, na isitajwe.

Kuhusu umeme: bolti hufungwa upande wa hasi, kipande cha nondo upande wa chanya, na kijiko kimoja cha chakula cha magadi hutosha lita nne za maji. Kazi yake ni safi na haigusi chuma kizima. Lakini kila bolti lazima iguse waya, na upande usiotazamana na nondo husafika kidogo, kwa hiyo kwa bolti ndogo 500 utazeeka ukifunga nyaya. Itumieni kwa vitu vikubwa, kama jiliwa au bolti za jembe la trekta. Ifanyieni nje, maana mapovu yale ni gesi inayowaka. Msiweke chumvi ya mezani badala ya magadi, na upande wa chanya msitumie chuma kisichoshika kutu, kwani maji yake huwa sumu.

DadaWaNakuru
Nimetumia mchanga na dizeli kwa kufunga kopo kwenye gurudumu la baiskeli lililogeuzwa juu chini. Husafisha vichwa vizuri sana, ila mchanga hukwama kwenye meno na ndani ya nati, na kila kimoja kilinidai brashi tena. Kwa washa na misumari ni njia nzuri. Kwa nati sitairudia.

Hata hivyo, naona mnazungumzia kusafisha kabla ya kuchagua. Mimi ningemwaga ndoo zote juu ya turubai kwanza. Iliyoliwa meno, iliyopinda na nati yenye pete ya nailoni iliyokwisha kutumika ziende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kwangu nusu ya ndoo iliondoka namna hiyo, na siki niliyonunua ikawa ndogo.

Katika kupanga, msitegemee unene peke yake. Trekta letu la zamani lina bolti za inchi, na ile ya 5/16 ina unene wa milimita 7.94, hivyo ukiishika mkononi utaapa kwamba ni M8, yaani bolti ya unene wa milimita 8. Nati ya M8 itaingia mizunguko miwili kisha ikwame, na fundi mwenye haraka ataongeza nguvu hadi aue meno yote mawili.

Karakana_Mstaafu
Dada amesema kweli. Hata kwa milimita zenyewe, M10 hupatikana kwa meno yaliyoachana milimita 1.5 na yaliyoachana milimita 1.25, na magari ya Japani yamejaa hizo za pili. Tena spana hudanganya: M8 ya kawaida hushikwa na spana 13, lakini kwenye gari la Japani mara nyingi ni 12. Chomeleeni nati nzima moja ya kila aina kwenye bati, iwe ndiyo kipimo chenu.

SpanaKumi (Tanga)
Nawashukuru nyote, shikamoo mzee wa karakana. Nimefuata ushauri wa dada na ndoo mbili zimekuwa moja na robo. Za 8.8 na zisizo na namba zimelala kwenye siki, zile zenye zinki nimezisafisha kwa mafuta ya taa, na bolti sita za 12.9 nimezisugua kwa mkono. Nimekata madumu ya lita tano ubavuni yawe droo, kila unene na meno yake, nati na washa za kipimo hicho zikiwa ndani ya kopo hilohilo. Bolti za inchi nimezipaka rangi nyekundu kichwani. Limebaki kopo moja la nati ambazo haziingii kwenye bolti yoyote niliyonayo, na nimeliweka rafu ya juu kabisa.

Mwanapwani
Hilo kopo usilitupe. Jaribu kwanza kwenye cherehani ya mjomba, kama alikuwa nayo.