Mnaouza "nyimbo tayari kwa Commodore 64" bila kuzijaribu hata mara moja: mnatuibia

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kuna biashara imeota mizizi kwetu sisi wapenzi wa kompyuta za zamani. Mtu anachukua faili za SID (muziki wa kompyuta ya zamani ya Commodore 64) zinazopatikana bure mtandaoni, anazipitisha kwenye programu ya kuzigeuza kuwa PRG (faili za programu ambazo mashine hiyo inaweza kuzipakia na kuziendesha), anazijaza kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha anaiuza kadi kwa tangazo kwamba nyimbo zote "ziko tayari kwa mashine halisi". Nimeinunua hiyo kadi. Nimeichomeka, nikawasha Commodore 64 yangu, nikaandika LOAD, nikaandika RUN. Wimbo wa kwanza unakimbia kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Unaofuata nota zake zimeshuka na unajikokota. Mwingine umegandisha skrini, ikabidi nizime mashine. Mwingine unapiga sauti mbili tu, ya tatu haipo.

Nikamwandikia muuzaji. Akanijibu kwamba kwake zote zinapiga vizuri. Nikamuuliza, kwako kwenye mashine gani? Laptop. Nikazidi kumbana, ndipo ikajulikana kwamba hata hizo PRG alizoniuzia hajawahi kuzifungua. Alichosikiliza ni faili za SID za awali, kwenye programu ya kupigia SID, akaridhika, akazigeuza zote kwa mkupuo na kuzipakia kwenye kadi. Yaani ameuza kitu ambacho hakuna binadamu aliyekisikia. VICE ni emuleta ya bure, yaani programu inayoiigiza Commodore 64 kwenye laptop; angeweka PRG mbili tatu humo ingemuumbua palepale. Hakufanya hata hilo.

Kwa wasioijua hii mashine, niwaeleze kidogo ili muone kwa nini nimechukia kiasi hiki. Commodore 64 ilianza kuuzwa 1982, ina kumbukumbu ya kilobaiti 64 na chipu ya sauti iitwayo SID iliyosanifiwa na Bob Yannes pale MOS Technology. Sauti ni tatu tu, yaani milio mitatu ndiyo inayoweza kupigwa kwa pamoja. Kila sauti inachagua wimbi lake: la pembetatu, la msumeno, la mraba ambao upana wake unaweza kubadilishwa, au kelele. Filta ya kuchuja mlio ni moja, zinaigawana zote tatu. Kuna rejista 29 (vijisehemu vya chipu vinavyopokea namba za kuiamuru) kuanzia anwani 54272 ya kumbukumbu, na kila mlio uliowahi kutoka kwenye chipu hiyo umepitia humo.

Faili la SID si rekodi. Ndani yake kuna programu yenyewe ya mtunzi, lugha ya mashine kabisa, pamoja na data za nota. Prosesa inaiita hiyo programu mara nyingi kwa sekunde, nayo inaandika namba kwenye rejista, muziki unatoka. Kwa hiyo msije mkaniambia ni kama kugeuza WAV kuwa MP3. Hapa unaihamisha programu ya mtu kutoka kwenye mazingira yaliyoelezwa kwenye kichwa cha faili (sehemu ya mwanzo yenye maelezo), na kazi yako wewe mgeuzaji ni kuyajenga upya mazingira hayo ndani ya PRG. Usipoyajenga, umekata tu kipande cha faili na kukibadilisha jina.

Tuanze na mwendo, maana ndiko madudu yalikojaa.

Mashine za Ulaya ni za PAL, mfumo uleule wa TV za chogo tulizokua nazo Tanzania na Kenya, na skrini inachorwa upya mara 50 kwa sekunde. Za Marekani ni NTSC, mara 60. Nyimbo nyingi za enzi hizo zilitungwa Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na nchi za Skandinavia, kwa hiyo mtunzi alihesabu kwamba programu yake itaitwa mara 50. Tofauti haiishii kwenye mwendo. Saa ya prosesa kwenye PAL ni hezi 985,248, kwenye NTSC ni 1,022,727, na SID inategemea saa hiyohiyo kupata nota zake. Ukitaka nota ya A ya hezi 440 kwenye PAL unaandika 7493 kwenye rejista za masafa. Kwenye NTSC unaandika 7218. Chukua hiyo 7218 uipeleke kwenye mashine yangu ya PAL, unapata kama hezi 424, yaani umeshuka karibu theluthi mbili ya nusutoni, ile hatua kati ya nota mbili jirani. Na kwa kuwa unaitwa mara 50 badala ya 60, wimbo unazubaa pia. Huo ndio ule wa pili niliousema hapo juu: umetungwa kwa NTSC, umebandikwa kwenye kadi inayouzwa Ulaya, hakuna hata herufi moja ya kuonya.

Wa kwanza, ule unaokimbia, una aibu kubwa zaidi, kwa sababu ni wimbo wa PAL kwenye mashine ya PAL. Nimeufungua nikatazama ndani. Mgeuzaji amepita njia ya mkato inayojulikana: amebadilisha anwani iliyohifadhiwa kwenye 788 na 789, ambayo prosesa huipitia kila inapokatishwa kazi ili ikasome kibodi, akaielekeza ipite kwanza kwenye muziki. Sawa, inapiga. Lakini ROM ya Commodore (programu ya kudumu iliyo ndani ya mashine) imepangwa kumkatisha prosesa mara 60 kwa sekunde hata kwenye mashine ya PAL! Kwa hiyo nota zote ziko mahali pake, mwendo umezidi kwa asilimia 20. Mtu asiyeujua wimbo huo atadhani mtunzi ndiye alikuwa na haraka. Dawa yake ni amri chache tu: unaiambia VIC-II, chipu ya picha, ikifika mstari fulani wa skrini ndiyo iamshe muziki. Kazi ya nusu saa, unaandika mara moja na inatumika kwa kila wimbo wa aina hiyo. Watu wameshindwa nusu saa, lakini kutengeneza lebo ya rangi ya kubandika kwenye kadi muda waliupata.

Uliogandisha mashine nao nimeuchungulia. Programu yake na data zinakaa juu ya anwani 40960, mahali ambapo ROM ya BASIC, lugha ya kuandikia programu inayokuja na mashine, imeifunika RAM, kumbukumbu ya kuandikia. Kwenye Commodore 64 unaweza kuandika kwenye RAM iliyo chini ya ROM, ila ukisoma bila kuiondoa ROM unasoma ROM. Kuiondoa ni kubadilisha namba iliyo kwenye anwani 1, kutoka 55 kwenda 54. Basi. Programu ya kupigia SID kwenye laptop inalifanya hilo yenyewe bila kukuuliza, ndiyo maana muuzaji hakuona tatizo. Mashine halisi haikuonei huruma: programu ya mtunzi inaitwa, prosesa inakuta maagizo ya BASIC badala ya muziki, inapotea njia, mwisho wa habari.

Kuhusu sauti iliyopotea nitakuwa na haki kidogo. SID ziko za aina mbili kuu, 6581 ya mwanzo na 8580 ya baadaye, na hazifanani. Kwenye 8580 mtunzi anaweza kuchanganya mawimbi mawili kwenye sauti moja yakatoka vizuri, kwenye 6581 mchanganyiko huohuo mara nyingine unakaribia kuwa kimya. Kinyume chake, zile sampuli (vipande vilivyorekodiwa) za ngoma na sauti za watu zinazopigwa kwa kuitikisa rejista ya volyumu zinasikika kwa nguvu kwenye 6581, kwenye 8580 zinanong'ona. Na filta ya 6581 inatofautiana hata kati ya chipu na chipu. Mgeuzaji hawezi kuibadilisha chipu iliyo kwenye mashine yangu, simlaumu kwa hilo. Ninachomlaumu ni kwamba taarifa hiyo ILIKUWEPO na yeye ameifuta. Kichwa cha faili la SID toleo la pili kina baiti 124, na humo kuna sehemu mahususi ya kusema wimbo ni wa PAL au NTSC, na nyingine ya kusema ni wa 6581 au 8580. Watu wa kujitolea wamesikiliza wimbo mmoja mmoja kwa miaka mingi ili kuzijaza. Yeye kakata baiti 124 zote, kazitupa.

Na ndani ya baiti hizo ndimo mlimokuwa na majina. Hili ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kila faili la SID lina nafasi tatu za herufi 32: jina la wimbo, mtunzi, na mwaka pamoja na kampuni au kikundi kilichoutoa. Kwenye kadi niliyouziwa hakuna hata kimoja. Faili zimepewa jina la MUSIC na namba. Rob Hubbard, Martin Galway, Jeroen Tel, Chris Hülsbeck, Ben Daglish ambaye alishafariki 2018, hawa wote wamegeuzwa MUSIC na namba. Hawa ni watu walioandika muziki kwa lugha ya mashine, namba kwa namba. Galway na wenzake walikuwa wanapiga nota tatu za kodi (chord) moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa ndani ya sauti moja, ili sikio lizisikie kama zimepigwa pamoja, kwa sababu sauti zilikuwa tatu na besi na ngoma nazo zilihitaji mahali. Ukiisikia SID inatetemeka vile, ujue kuna mtu alikaa akafikiria. Halafu mtu mwingine miaka arobaini baadaye anafuta jina lake, anaweka lebo yake mwenyewe, anapokea hela. Kwa lugha ya kwetu huo ni wizi, sina neno la kulilainisha.

Najua kuna atakayekuja kusema faili ni za bure, mbona unalalamika. Ndiyo, mkusanyo wa High Voltage SID Collection una nyimbo zaidi ya 50,000 na unaupakua bure, pamoja na faili la maelezo ya nyimbo ambalo ni hazina peke yake. Mimi nilitoa hela kulipia kazi ya kuzifanya zipige kwenye mashine. Ndiyo kazi pekee aliyodai kuifanya, na ndiyo hiyohiyo hakuifanya. Na zana nzuri ipo, bure pia. PSID64 inasoma kichwa cha faili, inatafuta nafasi tupu kwenye kumbukumbu ya kuweka kipigaji, na wimbo ukianza jina lake na la mtunzi yanatokea kwenye skrini. Angeitumia hiyo, robo tatu ya uzi huu isingekuwepo.

Kadi hiyohiyo ina folda ya nyimbo za kisasa "zilizogeuzwa kwa SID". Nimezisikiliza, sitazisikiliza tena. Hizo zimetoka kwenye MIDI, mfumo wa kuhifadhi nota wenye chaneli 16, zikasukumwa kwenye sauti tatu bila mtu kuamua nini kibaki na nini kiondoke. Besi inakatwa katikati kila kinanda kinapoingia, ngoma zinameza melodi, filta haijaguswa kabisa. Kuipunguza MIDI hadi sauti tatu ni kazi ya kupanga muziki upya, inataka sikio na programu ya kutungia muziki wa SID kama GoatTracker, unakaa nayo jioni nzima kwa wimbo mmoja.

Na mnaotangaza "weka MP3 zako kwenye Commodore 64", acheni kudanganya vijana. Sampuli za biti 4 kwa kasi ya 8,000 kwa sekunde zinakula baiti 4,000 kila sekunde. Ukipata baiti 40,000 za RAM iliyo wazi, una sekunde 10 za wimbo, tena wa kukwaruza. Disketi nzima ya 1541, kisoma disketi cha Commodore, ina bloku 664 za baiti 254, haifiki hata dakika moja. Semeni hivyo kwenye tangazo, halafu mtu aamue mwenyewe kama atanunua.

Muuzaji amegoma kurudisha hela na sasa hajibu ujumbe. Jina lake silitaji hapa, mods msihangaike kuufuta uzi. Ninachotaka kwa yeyote anayegeuza faili hizi, awe anauza au anagawa bure, ni hivi: aandike PAL au NTSC, aandike 6581 au 8580, aache majina ya watunzi, na aseme wazi amezijaribu kwenye nini. Kama hajazijaribu, aseme hajazijaribu.

Kwa upande wangu, nimeanza kuzitafuta nyimbo za kadi hiyo moja moja kwenye mkusanyo wa awali kwa kulinganisha data, niyapate majina yake na kuzifunga upya kwa PSID64. Mashine yangu ni ya PAL yenye 6581, kwa hiyo nusu ya kazi siwezi kuithibitisha mwenyewe. Mwenye C64C (toleo la baadaye la Commodore 64) yenye 8580, na hasa ndugu zetu mlioko Marekani au Kanada wenye mashine ya NTSC, njooni PM niwatumie faili mzisikilize kwenye mashine. Laptop hapana.